Wajibu wa Kampuni si Sadaka

Imekuwa desturi kuona gazetini picha ya meneja wa kampuni akimkabidhi mwalimu mkuu madawati, viongozi wamesimama mstari mmoja, na watoto wa shule wanapiga makofi. Madawati hatuyadharau. Anayeyadharau hajapata kuandika imla huku daftari liko magotini. Lakini picha ile haitwambii neno moja juu ya kile ambacho kampuni ilikinunua kijijini pale, kwa bei gani, na mzigo ulikwenda wapi. Nasi tunaona kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii huanzia hapo, katika biashara yenyewe, kabla ya kufika kwenye zawadi.

Tuchukue mfano wa Mbesa. Ndugu zetu wa Visiwani wengi hawajafika huko. Ni katika wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma, nchi ya Wayao na ya mikorosho, ambayo kusini yake Mto Ruvuma unatutenga na Msumbiji. Watu wa mbali wameijua Mbesa kwa sababu ya hospitali yake ya misheni, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani katika miaka ile ya kukaribia na kupata Uhuru. Hospitali si kampuni, wala hatuitaji ili kuwasifu wageni. Tunaitaja kwa kuwa imekaa. Na kukaa ndiko kulikokosekana katika mambo mengi yaliyoipitia wilaya hiyo.

Katikati ya miaka ya 1990 Tunduru ilipata jina hata Bangkok. Katika kingo za Mto Muhuwesi na vijito vingine yalionekana madini ya vito, yakuti ya rangi nyingi, na wachimbaji wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Wanunuzi walitoka Thailand na Sri Lanka, na fedha ilionekana kwa macho. Kisha mwaka 1998 zikaja habari za yakuti ya Ilakaka, Madagascar, na wanunuzi wengi wakafunga mizigo wakaelekea huko. Wananchi wakabaki na mashimo. Hatusemi kwamba wageni wale wote walikuwa wezi. Wengi walilipa bei waliyokubaliana na mchimbaji. Lakini hakuna aliyewalazimisha kukaa kitako na kijiji kabla ya kuondoka, na wao wenyewe hawakuona sababu ya kufanya hivyo.

Mwaka 2017 Serikali ilizirekebisha sheria za madini, na kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini sasa kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali hapo, na mpango huo ufuate vipaumbele vya wananchi wanaouzunguka mgodi. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Hii ni hatua kubwa, na mkoa wa Ruvuma utaihitaji, maana huko Namtumbo, kwenye mradi wa urani wa Mto Mkuju, kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tulifundishwa mapema kutofautisha sadaka na zaka. Sadaka hutolewa kwa hiari, kwa kadiri ya moyo wa mtoaji. Zaka ina kipimo chake, ina wakati wake, na anayeipokea hana haja ya kuinamisha kichwa, kwani ni haki yake iliyokuwamo ndani ya mali ya mwingine. Kifungu cha 105 kimelitoa jambo hili katika mlango wa sadaka na kulikaribisha katika mlango wa pili. Twasema kulikaribisha tu, maana hakikutaja kiwango.

Hata hivyo, sheria hiyo ni ya madini. Mkulima wa Mbesa hachimbi urani, anauza korosho. Mnunuzi wa korosho hafungwi na kifungu hicho.

Biashara ya korosho inajulikana. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, mzigo huingia ghalani kwa stakabadhi, mnada huitishwa, na sehemu kubwa ya korosho husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Huo ndio mfumo. Pembeni yake kuna kangomba, yaani mlanguzi anayenunua kwa kipimo chake mwenyewe nje ya mfumo, mara nyingi kabla ya msimu, korosho zikiwa bado mtini. Na ni nani anayemwuzia kangomba? Viongozi wetu wamezoea kumlaumu mkulima kwa tamaa na ujinga. Lakini aliye na mgonjwa kitandani mwezi wa pili, hali mnada ni wa mwezi wa kumi, hana tamaa yoyote. Ana shida, na kangomba ndiye aliyebisha hodi.

Hapo ndipo faida ya kampuni na faida ya kijiji zinapokutana. Mwanzoni mwa 2018 zilienea habari za kokoto zilizokutwa katika mizigo ya korosho za Tanzania iliyofika Vietnam. Ilikuwa fedheha kwa Taifa na hasara kwa wanunuzi. Novemba mwaka huo huo wanunuzi walipogoma kupanda bei, Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipa Jeshi kazi ya kuzisomba. Kokoto ndani ya gunia na mgomo wa bei ni matunda ya mti mmoja: watu wanaofanya biashara bila kuaminiana. Kampuni ambayo ingechangia bima ya afya ya kaya za wakulima katika miezi ya ukata ingemnyima kangomba mteja wake, na korosho iliyokauka na kuchambuliwa vyema ingefika ghalani. Ingekuwa imejinufaisha yenyewe, wala haina haja ya kuona haya. Na kampuni ambayo ingejenga kiwanda cha kubangulia Tunduru ingefanya zaidi ya madawati elfu.

Wa Visiwani wanalielewa jambo hili. Tangu kilimo cha mwani kianze Paje mwaka 1989, akina mama wamekuwa wakikausha na kuuza, na mwani mwingi umekuwa ukisafirishwa ukiwa ghafi. Lakini Visiwani ndiko pia kwenye mfano wa njia nyingine. Kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, kina hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa mwaka 1994 na kuendeshwa na kampuni binafsi. Wavuvi wa vijiji vya jirani waliajiriwa kuwa walinzi wa mwamba ule; watoto wa shule za Unguja hupelekwa kuuona; na mgeni anayelala pale hulipia matumbawe yaliyo hai. Matumbawe yakifa, hoteli nayo imekufa. Kampuni hiyo haikuhitaji kuhubiriwa wajibu, kwani wajibu ndio bidhaa yake.

Korosho haina bahati hiyo, ndiyo maana mkono wa Serikali unahitajika. Tunapendekeza kwa wahusika kwamba mnunuzi anayetaka kushiriki mnada atakiwe, kama mwenye mgodi, kuwa na makubaliano ya maandishi na halmashauri, yakianza na afya na ubanguaji. Na kwamba makubaliano hayo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, tarakimu zote zikitajwa. Ofisi ya kijiji ina ubao wa matangazo. Msimu ujao tungependa kuiona karatasi hiyo imebandikwa hapo, kabla ya gunia la kwanza kupimwa.