Shajara ya Muuguzi: Kinga ya Kiwewe baada ya Upasuaji wa Moyo

Mgonjwa aliyepasuliwa moyo huzinduka katika wadi ya wagonjwa mahututi akiwa na mpira wa kupumulia kooni. Hawezi kutamka neno. Dawa za usingizi, maumivu na taa zisizozimwa huweza kumvuruga fahamu hata akaona maruweruwe na kuamini kwamba wauguzi wanataka kumuua. Jeraha la kifua hupona, ilhali kumbukumbu hizo za uongo zaweza kumwachia kiwewe.

Kinga huanza kabla ya upasuaji. Muuguzi humweleza mgonjwa atakayoyaona na kuyasikia, na kumfundisha ishara za mkono. Baadaye humtajia siku na mahali alipo, hata anapodhaniwa hasikii.

Kisha kuna shajara. Wauguzi na jamaa huandika kwa lugha nyepesi yanayotukia kila siku, naye huyasoma apatapo nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wagonjwa mahututi 352 wa maradhi mbalimbali barani Ulaya, ulionyesha kiwewe kipya kwa asilimia 5 ya waliopewa shajara mapema, dhidi ya 13 ya wenzao.

Masimulizi, basi, nayo ni kinga. Lakini yatamfaaje mgonjwa yakiandikwa kwa lugha asiyoielewa? Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika wadini.