Marembo ya Mbao katika Vipande vya Gitaa la Umeme

Sauti ya gitaa la umeme haitokani na uwazi wa sanduku la mbao kama ilivyo kwa gitaa la kawaida, bali hutokana na vinasa mitetemo, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo huhisi mtikisiko wa nyuzi za chuma na kuugeuza kuwa umeme unaopelekwa kwenye amplifaya. Vipande vidogo vinavyoizunguka mitambo hiyo, kama vile fremu za vinasa, kifuniko cha tundu la nyaya kilichopo mgongoni na kibamba kinachoficha ncha ya fimbo ya chuma inayoikaza shingo, havibadilishi sauti kwa kiasi cha maana, ndiyo maana viwanda vingi huvitengeneza kwa plastiki. Hata hivyo, mafundi wanaounda magitaa kwa oda hupenda kuvichonga kwa mbao zenye marembo ya asili ili vilingane na uso wa chombo. Kazi hiyo hudai ujuzi mwingi kuliko ukubwa wa vipande vyenyewe unavyoonyesha, kwa kuwa kile kinachoupamba ubao ndicho pia kinachoudhoofisha.

Katika mti wa kawaida nyuzinyuzi hupanda wima kutoka mizizini hadi matawini, lakini katika baadhi ya miti hupanda zikipinda kwa mawimbi. Ubao wa mti kama huo ukipasuliwa, msumeno hukata baadhi ya nyuzinyuzi kwa ubavu na nyingine kwa ncha, hivyo mwanga huakisiwa kwa nguvu sehemu moja na kumezwa sehemu ya pili, na michirizi inayoonekana huhama mtazamaji anapougeuza ubao. Mti unaotumika zaidi ni mepo wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na huo wa Ulaya ndio pia uliotumika kutengeneza migongo ya fidla za Cremona, Italia, katika karne ya 17 na ya 18. Michirizi inayofanana na miali ya moto hujitokeza vizuri ubao unapopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, ilhali marembo ya mafundomafundo, yanayopatikana hasa katika mepo wenye majani mapana wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, huonekana vyema ubao unapopasuliwa sambamba na gome.

Heshima ya marembo haya katika gitaa la umeme ilikuzwa na kampuni ya Gibson ya Marekani, ambayo mwaka 1952 ilitoa gitaa la Les Paul lenye kiwiliwili cha mahogani kilichobandikwa uso wa mepo, ingawa uso huo ulifunikwa kwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1958 rangi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa rangi angavu, nyekundu pembeni na ya manjano katikati, iliyoacha michirizi ionekane. Magitaa hayo yalitengenezwa hadi mwaka 1960 tu, na leo yamo miongoni mwa magitaa ghali kupita yote duniani.

Fundi anayetaka vipande vinavyolingana huanza kwa kuchagua ubao uliokauka hadi unyevu wa takriban asilimia 6 hadi 8, kisha huupasua unene wake kwa msumeno wa mkanda na kuzifungua pande mbili kama kurasa za kitabu, ili michirizi ya kushoto iwe taswira ya ile ya kulia. Masalio ya ubao huohuo ndiyo yanayofaa kwa fremu na vifuniko, na fundi makini huyatia alama kabla ya kuyakata, ili kifuniko kikikaa mahali pake michirizi iendelee bila kukatika.

Ugumu huanza chombo chenye makali kinapogusa ubao. Kwa kuwa nyuzinyuzi hupanda na kushuka kila baada ya milimita chache, randa inayolainisha wimbi moja huchimbua linalofuata na kuacha vishimo. Kwa hiyo fundi hupunguza unene kwa mashine ya msasa au kwa bapa la chuma la kukwangulia, na kingo huzichonga kidogo kidogo kwa kufuata kigezo. Fremu ya kinasa ndiyo yenye hatari zaidi, kwani tundu lake huacha kingo nyembamba ambazo katika pande mbili nyuzinyuzi zake ni fupi, nazo huweza kuvunjika skrubu inapokazwa. Dawa yake ni kugundisha chini ya fremu utando mwembamba wa mbao ulionyooka, ukiwa umelazwa kukingama na nyuzinyuzi za juu, na kutoboa matundu ya skrubu mapema.

Kifuniko cha nyuma kina sharti lake pia: mbao, kama plastiki, haizuii mawimbi ya umeme yanayoleta mvumo katika amplifaya, hivyo upande wake wa ndani hubandikwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi. Katika kutia rangi, mafundi wengi hupaka kwanza rangi nyeusi inayopenya, ambayo huzama zaidi katika ncha za nyuzinyuzi, kisha huisugua kwa msasa mpaka ibaki kwenye michirizi peke yake, ndipo hupaka rangi ya pili na laka. Uchaguzi wa rangi nao una uzito wake, kwa maana wekundu wa magitaa mengi ya Gibson ya mwaka 1958 na 1959 ulipauka kwa mwanga.

Mpingo wa Tanzania na Msumbiji huingia katika kazi hii kwa sababu iliyo kinyume: hauna mawimbi, ila ni mzito kiasi cha kuzama majini na hushika umbo hata ukichongwa mwembamba, hivyo hufaa kwa vibao vya vidole, vitufe na vibamba vya shingo. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa tangu mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki na vipande vyake vilivyokamilika vimesamehewa vibali, jambo linalomfaa anayechonga mpingo nchini mwake kuliko anayeuza magogo.

Mnunuzi anayetaka kuupima ubora wa vipande hivi asitazame wingi wa michirizi pekee, bali akague pembe za fremu kama zina nyufa, aone kama michirizi ya kifuniko inafuatana na ya kiwiliwili, na akigeuze kifuniko aone upande wa ndani ulivyoimarishwa.