Ujirani na usafiri Eringeti

Eringeti ni mji mdogo wa teritwari ya Beni, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 4, kama kilomita 60 kaskazini ya mji wa Beni na hatua chache kabla ya mpaka wa jimbo la Ituri. Atokaye Beni hupita Mbau, Oicha na Mayi-Moya kabla ya kuufikia. Akisonga mbele hukuta Luna, kisha Komanda, ambako njia hugawanyika: moja huenda Bunia, nyingine Mambasa hadi Kisangani. Nyumba nyingi zimejipanga kandokando ya barabara hiyo, na maisha ya watu yamejipanga vivyo hivyo.

Wenyeji wa asili ni Bambuba, pamoja na Wambuti wa msituni ambao tangu zamani hubadilishana nao nyama na asali kwa ndizi na muhogo. Wanande walishuka kutoka nyanda za juu za Lubero na Butembo, ambako watu ni wengi na mashamba ni finyu. Lugha ya Wanande ni ya Kibantu, ya Bambuba si ya Kibantu kabisa. Kwa hiyo sokoni, kanisani na barazani kwa chifu husemwa Kiswahili. Desturi humtaka mgeni anayetafuta shamba apite kwa mwenye ardhi wa kimila na zawadi mkononi, mara nyingi mbuzi, na baada ya mavuno asimsahau. Mgeni aliyeikiuka njia hiyo huweza kulima miaka mingi bila kuhesabiwa kuwa jirani.

Mnande huzaliwa na nafasi yake ndani ya jina. Mumbere au Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu; Masika ni binti wa kwanza. Kwa hiyo watu wawili wasiojuana, wakikutana safarini, hupata fununu ya nani kifungua mimba kwao na nani mdogo, hata kabla ya kuulizana ukoo. Lakini Kambale ni wengi mno, ndiyo maana kila mmoja hutambuliwa pia kwa jina la ubatizo. Aliyekutangulia kuzaliwa ni yaya, mwanamume wa makamo ni papa, na mwanamke mwenye watoto ni mama, awe ndugu au la. Kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu.

Chombo cha kila siku ni moto, yaani pikipiki, nyingi zikiwa za Kihindi zilizoletwa kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Mwendeshaji, anayeitwa motari, huketi karibu na tangi la mafuta, nyuma yake mama na mtoto mgongoni, nyuma kabisa gunia la kakao lililofungwa kwa mpira, na ubavuni bidoni ya njano ya mawese. Bei hukubaliwa kabla ya kupanda, na mvua ikinyesha huongezeka, kwa kuwa matope hupunguza safari za siku. Fuso na kamyo hubeba mbao, kakao na ndizi, na abiria hukaa juu ya mizigo. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, ni ya miteremko ya Butembo na Goma zaidi kuliko ya huku.

Njiani abiria hushirikiana kuliko mtu angetazamia kwa watu wasiojuana. Gari likikwama wanaume hushuka kusukuma, na chakula hufunguliwa mbele ya wote. Anayekwenda Oicha hukabidhiwa barua, pesa za shule au dawa za mgonjwa, na uaminifu huo hulindwa vikali, kwa sababu aliyekula mali ya mwenziwe hatapata tena wa kumtuma.

Mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014 yameubana ujirani huu kuliko jambo lingine lolote. Mashamba ya mbali yaliachwa, na wengi hurudi kutoka shamba kabla jua halijazama. Magari yalilazimika kukusanyika na kungoja askari wa kuyasindikiza. Hata hivyo, tarehe 1 Septemba 2021 msafara wa namna hiyo ulishambuliwa kati ya Komanda na Luna. Kila barabara inapofungwa, kakao huozea ghalani, chumvi na sabuni hupanda bei, na likirimba ya akina mama, ambayo wote huchangia na kila mmoja hupokea kwa zamu, hukatika.

Kabla ya shambulio hilo la 2021, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilikuwa imeingia hata kwenye salamu. Katika vizuizi vya barabarani kila msafiri alishuka, akanawa kwa maji ya klorini na kupimwa joto, na mikono ikaacha kushikana. Lililoumiza zaidi lilikuwa kilio. Kwa kawaida majirani hulala kwa wafiwa wakiota moto, kila nyumba ikileta kuni au unga, na jamaa wa mbali husubiriwa wafike. Wakati wa ugonjwa, timu zenye mavazi ya kinga ndizo zilizozika, na wengi walizikiwa wapendwa wao wakiwa hawajafika. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, mikesha hiyo ilirudi, na pamoja nayo desturi ya kuchangia nauli ya jamaa anayekuja kuzika.