Ruzuku, Mkopo na Ukuta Unaopitisha Joto

Ufanisi wa nishati ni kupata huduma ileile ya joto, mwanga au nguvu ya mashine kwa kutumia umeme au mafuta kidogo zaidi, na katika nchi za baridi, ambako sehemu kubwa ya nishati ya nyumbani hutumika kupasha vyumba joto, maana yake hasa ni kuziba njia ambazo joto hutorokea: kuta, dari, sakafu na madirisha. Kazi ya kuhami nyumba, yaani kuifunika au kuijaza kwa nyenzo zisizopitisha joto kwa urahisi, hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ilhali faida yake hurudi kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia bili iliyopungua. Isitoshe, mara nyingi anayelipia kazi siye anayefaidika, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye atoaye fedha na mpangaji ndiye apataye chumba chenye joto na bili nafuu. Vikwazo hivyo viwili ndivyo vilivyozifanya serikali nyingi za Ulaya ziingize mkono wake katika jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni la mtu na nyumba yake.

Mkono huo una vidole viwili vikuu. Cha kwanza ni ruzuku, ambayo wakulima wa Tanzania wanaifahamu kupitia mbolea: serikali hubeba sehemu ya gharama na haidai kurejeshewa. Cha pili ni mkopo nafuu, ambao hurejeshwa lakini kwa riba ndogo au bila riba, kwa matumaini kwamba akiba ya bili ndiyo itakayolipa marejesho. Ruzuku humfaa asiye na akiba, ingawa humaliza hazina haraka. Mkopo huenea kwa watu wengi zaidi kwa fedha zilezile, ingawa humtisha yule ambaye tayari ana madeni. Hata hivyo, historia ya miaka ya karibuni yaonyesha kwamba ukubwa wa fedha si jambo linaloamua mafanikio peke yake, na Uingereza, iliyojaribu njia zote mbili, inatoa ushahidi ulio wazi kuliko wa nchi nyingine.

Mwezi Januari 2013 serikali ya Uingereza ilizindua mpango uitwao Green Deal, ambao mkopo wake haukufungwa kwa mtu bali kwa mita ya umeme ya nyumba, hivi kwamba marejesho yalikatwa kupitia bili, na aliyehamia katika nyumba hiyo baadaye alirithi deni pamoja na ukuta uliohamiwa. Msomaji wa Tanzania ataelewa mara moja kilichomo ndani ya utaratibu huo, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kupitia Luku, na tangu siku za mwanzo wapangaji waliuliza kwa nini walipe kinachopaswa kulipwa na mwenye nyumba. Katika Green Deal swali hilo lilikuwa na jibu kiasi, kwa sababu mpangaji ndiye aliyefaidi joto, na kwa sababu mpango ulisimama juu ya kile kilichoitwa kanuni ya dhahabu, kwamba marejesho ya mwaka yasizidi akiba inayotarajiwa kutokana na kazi iliyofanywa.

Neno zito hapo ni «inayotarajiwa». Akiba ilikadiriwa kwa mfano wa kawaida wa nyumba na wa wakazi wake, wala haikupimwa katika nyumba yenyewe. Familia iliyokuwa ikijibana na kuishi katika baridi ili kupunguza bili ingeweza kabisa kuona bili yake haishuki, kwa sababu sasa iliamua kupasha moto chumba cha pili. Riba nayo, iliyokuwa takriban asilimia 7 hadi 10, ilikuwa juu kuliko ya mikopo mingi ya nyumba ya wakati huo, kwa hiyo mwenye nafasi ya kukopa penginepo hakuwa na sababu ya kuja huku. Serikali iliacha kuugharamia mpango huo mwezi Julai 2015, baada ya nyumba zipatazo 14,000 tu kuchukua mikopo, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria mwaka 2016 kwamba walipa kodi walitumia pauni milioni 240, zikiwemo ruzuku zilizotolewa ili kuvuta waombaji.

Funzo lililoonekana kutokana na kushindwa huko lilikuwa kwamba watu hawataki mkopo, basi wapewe ruzuku. Mwezi Septemba 2020 ukafunguliwa mpango wa vocha ulioitwa Green Homes Grant, wenye bajeti ya pauni bilioni 1.5 na lengo la kufikia nyumba 600,000, ambao ulilipia theluthi mbili za gharama hadi pauni 5,000, na kwa kaya za kipato cha chini gharama yote hadi pauni 10,000. Ukarimu huo haukuwa na kasoro; kasoro ilikuwa katika muda. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 31 Machi 2021, yaani baada ya miezi sita, na nyumba zilizotarajiwa kunufaika zilikuwa karibu 47,500 tu. Fundi aliyetaka kushiriki alipaswa kwanza kupata ithibati, nayo hudai mafunzo, ada na ukaguzi, na hakuna fundi mwenye busara anayeajiri vijana na kununua vifaa kwa ajili ya soko litakalotoweka kabla mafunzo hayajaisha. Kwa upande wa gharama, kati ya pauni milioni 314 zilizokadiriwa kutumika, milioni 50 zilikuwa za uendeshaji, kiasi kinachozidi pauni 1,000 kwa kila nyumba.

Ujerumani ilichukua njia ya uvumilivu zaidi. Benki yake ya maendeleo, KfW, iliyoanzishwa mwaka 1948 ili kugharamia ujenzi mpya wa nchi baada ya vita, kwa kawaida haimkopeshi mwenye nyumba moja kwa moja. Yeye huenda katika benki yake ya siku zote, ambayo humpatia mkopo kwa fedha za KfW. Makazi hupimwa kwa kiwango kinachosomeka kwa tarakimu, ambapo nyumba ya kiwango cha 55 ni ile inayohitaji asilimia 55 tu ya nishati ya jengo la rejea lenye umbo kama lake, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo msaada unavyoongezeka. Kazi ikikamilika, mtaalamu aliyesajiliwa huthibitisha kwamba kiwango kimefikiwa, na hapo sehemu ya deni husamehewa. Ndoa hii ya mkopo na ruzuku ina hekima kubwa, kwani zawadi hutolewa kwa matokeo yaliyothibitishwa, wala si kwa ahadi ya fundi. Hata huko uaminifu ulitikisika tarehe 24 Januari 2022, wakati maombi yalipofurika hadi fedha zikapungua na mipango kadhaa ikasimamishwa ghafla. Baada ya malalamiko makali, serikali ilikubali kuyashughulikia maombi yaliyokwisha kupokelewa.

Hatari nzito kuliko zote, na inayozungumzwa kidogo kuliko zote, ni kazi mbovu. Uingereza ilianzisha pia utaratibu mwingine ambao kampuni za nishati zililazimishwa kugharamia uhami wa nyumba za wasiojiweza, kisha gharama ikarudi katika bili za wateja wote. Mwezi Oktoba 2025 wakaguzi wa taifa walitangaza kwamba asilimia 98 ya kuta zilizohamiwa kwa nje chini ya awamu ya wakati huo ya utaratibu huo, katika nyumba zaidi ya 22,000, zilikuwa na dosari kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Ukuta uliofunikwa vibaya hunasa maji, maji huleta ukungu, na ukungu huingia katika mapafu ya watoto. Hivyo fedha iliyotolewa kwa nia njema ikageuka kuwa maradhi katika nyumba za wale hasa waliokusudiwa kusaidiwa.

Kwa upande wa biashara, mfano mzuri uko karibu zaidi. Kanuni za usimamizi wa nishati za Kenya za mwaka 2012 zilivitaka viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Katika kipindi hichohicho Shirika la Maendeleo la Ufaransa lilipitisha mikopo yake, kwa jina la SUNREF, katika benki za Afrika Mashariki, huku ushauri wa kiufundi ukitolewa kupitia chama cha wenye viwanda cha Kenya. Mpangilio huo ulianzia mahali panapofaa: mwenye kiwanda alifika benki akiwa na ripoti mkononi, inayoeleza ni mota ipi inayokula umeme bure, ni bomba lipi la mvuke lililo uchi, na ni baada ya miezi mingapi kila kifaa kitakuwa kimejilipa.