Sura ya 6: Kufufua Pikipiki ya Tustroki Iliyochakaa

Pikipiki ya tustroki, yaani yenye injini ya mipigo miwili, hupata nguvu kila krenki inapozunguka mara moja, ilhali ile ya mipigo minne husubiri mizunguko miwili. Haina vali za kichwani, kemshafti wala cheni ya taimingi. Pistoni yenyewe hufungua na kufunga milango iliyochongwa ukutani mwa silinda. Kwa hiyo injini ni nyepesi, sehemu zinazotembea ni chache, na kuifungua hadi kwenye pistoni hakuhitaji karakana kubwa.

Afrika Mashariki, nyingi za tustroki zinazouzwa kwa bei ya chini zilikuwa za mabwana shamba, misheni na miradi ya maendeleo, hasa Yamaha DT 125 na AG 100. Bodaboda za siku hizi ni za mipigo minne, na fundi aliyezoea hizo anaweza kuiua tustroki kwa kuihudumia vilevile. Humwaga oili kwenye injini akiamini imefika kwenye pistoni, kumbe ile ni ya giaboksi na klachi tu. Pistoni, silinda na beringi za krenki hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli.

Chumba cha krenki ni pampu

Pistoni inapopanda, chini yake hubaki ombwe. Ombwe hilo huvuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya chumba cha krenki, kwa kawaida kupitia vali ya ulimi inayoruhusu kuingia na kuzuia kurudi. Pistoni inaposhuka, husukuma mchanganyiko huo kupitia njia za pembeni hadi juu yake, wakati moshi wa mlipuko uliopita ukitokea mlango wa ekzosi.

Hivyo chumba cha krenki kinapaswa kuziba hewa barabara kama silinda. Sili iliyokauka au gasketi iliyopasuka huingiza hewa ambayo haikupitia kwenye kabureta. Mchanganyiko hupungukiwa petroli, na kwa kuwa oili husafiri na petroli, ulainishaji nao hupungua. Joto hupanda wakati oili ikikosekana, pistoni hutanuka na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Hapo injini imenoki.

Utaratibu wa matengenezo unatokana na jambo hilo. Kwanza huangaliwa uzima wa pistoni na krenki, kisha uzibaji wa hewa, halafu moto wa plagi, na mwisho kabureta. Anayeanza na kabureta huficha ugonjwa, na anayefunga pistoni mpya bila kujua kilichoiunguza ile ya zamani huiandalia kifo kilekile.

Ukaguzi wa kwanza

Kabla ya bei kukubaliwa, ekzosi ifunguliwe na pistoni ichunguliwe kwa tochi kupitia mlango wa silinda. Pistoni nzima ina uso laini wenye rangi ya fedha. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi ni dalili kwamba injini iliwahi kunoki. Weusi chini ya ringi huonyesha kuwa moto unapita pembeni yake.

Kisha geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, aksileta hufunguliwa yote na kiki hupigwa mpaka mshale uache kupanda. Kwa injini nyingi za cc 100 hadi 200, kipimo cha psi 120 hadi 150 ni kizuri. Chini ya 100, ringi au silinda zimechoka. Geji isipokuwepo, kiki inayoshuka kama haina kitu ni ushahidi wa kutosha.

Beringi ya konirodi hupimwa hedi na silinda zikiwa zimetolewa. Konirodi hushikwa na kuvutwa juu na chini, pistoni ikiwa juu kabisa. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida, lakini kucheza kwa wima, hata kama ni kwa kuhisiwa tu, maana yake ni krenki kufunguliwa na kusukwa upya kwa mashine ya kukandamiza. Kazi hiyo ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote.

Silinda, pistoni na ringi

Silinda ya DT 125 ina kipenyo cha milimita 56, na pistoni husafiri milimita 50, hivyo ujazo wake ni cc 123. Silinda ya chuma cha kutupwa iliyolika huchongwa upya na kufungwa pistoni ya ovasaizi, kwa kawaida kubwa kwa milimita 0.25 au 0.50. Pistoni hununuliwa kwanza, ndipo fundi wa mashine achonge silinda kuifuata. Nafasi kati yake na ukuta hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha kiwanda. Ikiwa ndogo mno, injini itanoki mapema; ikiwa kubwa, pistoni itagonga.

Baada ya kuchonga, kingo za milango huwa kali kama wembe na lazima zilainishwe kwa tupa au jiwe, la sivyo zitakula ringi. Mshale ulio juu ya pistoni huelekezwa upande wa ekzosi. Kila ringi ina pini ndogo kwenye mfereji wake inayoizuia isizunguke. Ncha zake zikikaa mahali pengine, zitanasa kwenye mlango na kuvunjika. Klipu za pini ya pistoni hazitumiwi mara mbili.

Kutafuta uvujaji

Krenki ina sili mbili, na kila moja huharibika kwa dalili zake. Ya upande wa magneti ikichoka huvuta hewa kavu: injini hupiga kelele bila kuongezewa mafuta, na aksileta ikifungwa huchelewa kutulia. Ya upande wa klachi huvuta oili ya giaboksi, moshi mweupe mzito hutoka, plagi hulowa, na oili hupungua bila tone kuonekana chini.

Kipimo cha uhakika ni cha shinikizo. Mlango wa ekzosi na njia ya kabureta huzibwa kwa mpira, kisha hewa husukumwa ndani kwa pampu ya mkono hadi psi 6, si zaidi, maana shinikizo kubwa hung'oa sili. Injini nzima haipaswi kupoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika. Ikipoteza, povu la sabuni hupakwa kwenye gasketi, mpira wa kabureta, shina la silinda na sili ya magneti. Mapovu yakitokea kwenye mrija wa kupumulia wa giaboksi, sili ya klachi imekwisha. Sili huuzwa kwa bei ndogo kuliko pistoni, na kwenye pikipiki iliyokaa miaka bila kuwashwa hubadilishwa zote mbili bila mjadala.

Moto

Plagi mpya yenye namba iliyotajwa na kiwanda huondoa nusu ya mashaka. Plagi za NGK huwa baridi zaidi kadiri namba inavyoongezeka, na namba ndogo kuliko inayotakiwa inaweza kutoboa pistoni. Cheche zinapaswa kuwa za buluu na zenye sauti. Zikiwa nyekundu na dhaifu, hukaguliwa waya, koili na mahali umeme unaporudi kwenye fremu, kwani kutu na rangi huuzuia.

Taimingi hupimwa kwa umbali wa pistoni kutoka kilele chake wakati cheche inapotoka. Injini za platinamu huhama taimingi kadiri platinamu inavyolika. Zile za CDI, yaani za moto wa kielektroniki, hazihami, isipokuwa kifunguo kidogo kinachoshika magneti kwenye krenki kikikatika.

Petroli na hewa

Tangi lenye kutu husafishwa kwa siki na vipande vya cheni vinavyotikiswa ndani, kisha husuuzwa na kukaushwa. Kabureta hufunguliwa yote, na matundu ya jeti hupulizwa kwa hewa. Waya hauingizwi, kwa kuwa hupanua tundu. Chujio la sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili, kwani vumbi la barabara za murram hula silinda kwa muda mfupi.

Jeti ndogo hutawala injini ikizunguka bila aksileta na aksileta ikianza kufunguka, sindano hutawala katikati, na jeti kubwa hutawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Klipu ya sindano ikishushwa tundu moja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Plagi yenye rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko mzuri, nyeusi na yenye majimaji petroli nyingi, nyeupe hatari ya joto.

Mwinuko nao una kauli. Nairobi iko kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Pikipiki iliyowekewa jeti kubwa yenye tundu dogo zaidi ili ikimbie vizuri huko, ikiteremshwa Mombasa hukutana na hewa nzito na kupungukiwa petroli. Kabla ya safari kama hiyo jeti hiyo hubadilishwa kwa yenye tundu pana zaidi.

Oili

Yamaha ilileta pampu ya Autolube mwaka 1964, ikipima oili kulingana na mwendo wa injini na ufunguzi wa aksileta. Pikipiki ikinunuliwa haijulikani pampu yake inafanya kazi au la, tangi la kwanza huchanganywa oili kwa mkono mpaka pampu ithibitishwe na hewa itolewe kwenye mrija wake. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita ya petroli. Wa 32 kwa 1 ni mililita 31. Oili itumike ya tustroki pekee.

Ekzosi

Miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa MZ, Ujerumani Mashariki, aliboresha ekzosi yenye tumbo linalopanuka kisha kusinyaa. Umbo hilo hurudisha wimbi la shinikizo mlangoni na kuzuia mchanganyiko mbichi usitoroke na moshi. Kwa hiyo ekzosi ya tustroki ni sehemu ya injini, na kuikata ili ilie zaidi ni kupunguza nguvu. Masizi yaliyoganda mlangoni na kwenye sailensa hukwanguliwa.

Kuzoesha injini

Injini iliyofungwa pistoni mpya huwashwa, hupata joto, huzimwa na kuachwa ipoe kabisa, mara kadhaa. Kilomita 500 za kwanza huendeshwa kwa aksileta isiyozidi nusu, bila kushikilia mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwenye mteremko mrefu aksileta haifungwi moja kwa moja gia ikiwa imeingia, maana petroli ikikatika oili hukatika nayo. Klachi hukamatwa au aksileta huguswa kila mara.

Breki, cheni, sproketi, spoku na bushi za mkono wa nyuma hukaguliwa kama kwenye pikipiki yoyote. Uamuzi wa kununua hutegemea injini. Ringi, sili, plagi na gasketi si sababu ya kuikataa. Lakini silinda iliyofika ovasaizi ya mwisho, krenki inayocheza na bodi ya injini iliyopasuka vikikutana katika pikipiki moja, hiyo hununuliwa kwa ajili ya vipuri tu.