Nyumba Njema si Mlango

Madalali wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wana lugha yao. Ghorofa ya nyumba ya kale inapotangazwa kuuzwa, iwe Shangani au Malindi, Hurumzi au Sokomuhogo, mnunuzi huelezwa kwanza habari za mlango wa nakshi, kisha roshani, kisha dari ya boriti, na mwisho uchangamfu wa mtaa: baraza za kahawa, soko la Darajani lililo karibu, na Forodhani ambako watu hukusanyika jioni kula urojo na mishikaki. Hayo yote ni kweli, wala hapana haja ya kumlaumu dalali kwa kuisifu bidhaa yake. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango. Swali lisiloulizwa katika matangazo hayo ndilo linalostahili kutangulia mengine yote: anunuaye ghorofa moja katika nyumba yenye ghorofa tatu, amenunua nini hasa?

Tuchukue mfano wa mbali na bahari ili jambo lenyewe lionekane wazi. Nangara ni kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara, penye njia panda ya barabara ziendazo Arusha, Dodoma na Singida. Kwa kawaida mtu anayenunua nyumba Nangara hununua kiwanja pamoja na kilichosimama juu yake. Ataonyeshwa mipaka, ataulizia hati, na akishalipa, ukuta ni wake na paa ni lake. Mvua ikivuja, inamvujia yeye peke yake. Akiwa mvivu wa kukarabati, atalowana yeye na watoto wake.

Sivyo ilivyo katika nyumba ya Mji Mkongwe. Wa juu akiacha bomba la choo livuje, anayelowana ni wa chini. Wa chini akibomoa ukuta ili apanue duka lake, anayetikisika ni wa juu. Ngazi hupandwa na wote lakini haifagiliwi na yeyote. Na paa, ambalo ndilo kinga ya nyumba nzima, huhesabiwa kuwa ni la jirani.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu afahamu jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba huwa vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Nyumba ya namna hii huishi karne na zaidi, kwa sharti moja: isiingiliwe na maji. Maji yakipenya ukutani hulegeza chokaa polepole, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani ya ukuta huoza, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Mwenye nyumba akidhani kwamba anaimarisha kwa kupiga lipu ya saruji, huufungia unyevu ndani, kwani saruji haipumui kama chokaa. Akitoa boriti na kumwaga zege, huutwika ukuta mzigo ambao haukujengwa kuubeba.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na mwenyewe mmoja, nayo ni Serikali. Lilijulikana duniani kote, na wataalamu walikwisha kulitazama mara nyingi. Ikiwa hayo yalilifika jumba la namna ile, basi tuyatafakari yanayoweza kuifika nyumba ya uchochoroni yenye wenyewe saba wasiosalimiana.

Wingi huo wa wenyewe una historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, na nyumba iliyokuwa ya familia moja ikapokea familia kadhaa, chumba kwa chumba, kwa kodi ndogo. Wengi walipata hifadhi ambayo hawakupata kuwa nayo, na jambo hilo halistahili kubezwa. Lakini kodi ile haikutosha kununua hata chokaa ya paa. Kuanzia miaka ya 1980, baadhi ya nyumba hizo ziliuzwa kwa watu binafsi. Nyingine ni za wakfu, zilizo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine bado ni za urithi, na warithi wake wametawanyika: huyu yuko Ng'ambo, yule Dar es Salaam, mwingine Muscat au London. Penye wenyewe wengi, aghalabu hapana mwenyewe.

Sheria haikulifumbia macho jambo hili. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na anayetaka kujenga au kukarabati ndani ya eneo lake hana budi kupata kibali chake. Mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Aidha, Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2010. Maana ya sheria za aina hii ni nyepesi kufahamika: mwenye ghorofa huwa na mali mbili. Ya kwanza ni vyumba vyake. Ya pili ni fungu lake katika vitu vya wote, yaani paa, ngazi, kuta kuu na mifereji. Na pamoja na fungu hilo huja wajibu wa kuchangia matunzo yake.

Hiyo mali ya pili ndiyo isiyotajwa na dalali, nayo ndiyo inayoishikilia ya kwanza isianguke. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara, kabla ya kuishangaa roshani, na apande darini aulize nani aliziba paa mara ya mwisho na kwa fedha za nani. Na ashuke chini akaonane na wakaazi wa huko. Wao ni sehemu ya anachonunua, kwani uchangamfu wa mtaa uliosifiwa katika tangazo haukuletwa na nakshi. Umeletwa na watu wanaokaa mle. Siku watakapoondolewa wote ili kupisha wageni wa msimu, roshani itabaki ikitazama uchochoro mtupu.

Kwa upande wa wenye mamlaka, tunaona mambo mawili yasiyohitaji hazina kubwa. La kwanza, sehemu ya nyumba ya kale isihamishwe kutoka mkono hadi mkono bila maandishi yanayotaja wenyewe wote wa jengo hilo na fungu la kila mmoja katika gharama za paa. La pili, ripoti ya fundi anayeijua chokaa iambatane na mauzo, kama vile ramani inavyoambatana na kiwanja. Kwamba nyumba hizi zinaweza kuokolewa si ndoto: zahanati ya kale iliyo mbele ya bandari ya Malindi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, nayo ingali imesimama.

Wala wa bara wasidhani kwamba haya ni ya visiwani pekee. Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, ilianza njia ambayo miji yote huipita: viwanja hupungua, bei hupanda, na watu huanza kujenga kwenda juu. Siku itafika ambapo Nangara nayo patauzwa ghorofa, na mnunuzi hataonyeshwa mipaka ya kiwanja. Heri afisa ardhi wa huko ajifunze sasa kutokana na nyufa za wenziwe.

Asiyeziba ufa, husemwa, atajenga ukuta. Katika nyumba ya wengi shida ni kwamba kila mtu huuona ufa na kila mtu husubiri mwenziwe auzibe. Kazi ya sheria na ya viongozi wanaoisimamia ni kumwambia kila mmoja, kabla hajatia saini, kwamba ufa huo ni wake pia.