Mwana wa Daktari wa Machakos Aliyeacha Uga Kogelo

Ukipanda matatu mjini Kisumu na kuelekea upande wa Busia, mpenzi msomaji, utapita Kisian na kuupanda mlima hadi Maseno, ambako bango la kando ya barabara litakuarifu kwamba umevuka ikweta. Kisha itakubidi uiache barabara kuu na kuingia ndani mwa Siaya hadi Nyang'oma Kogelo. Ni kijiji cha mahindi na ng'ombe kama vijiji vingine vya Alego. Lakini humo utakuta kitu ambacho shule nyingi za Nairobi hazina: uwanja wa kisasa wa mpira wa vikapu.

Uwanja huo umo katika kituo cha vijana cha wakfu wa Sauti Kuu, ulioanzishwa na Auma Obama mwaka 2010. Kituo kilifunguliwa rasmi tarehe 16 Julai 2018 na kaka yake, Barack Obama, aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya hapo. Bila shaka uliona picha za siku ile. Rais mstaafu alirusha mpira kwenye kikapu, na umati ukashangilia.

Huenda hukumwangalia sana mtu mwingine aliyekuwa kando yake siku hiyo. Ni mwanamume mrefu, Mwafrika, na shirika lake la Giants of Africa ndilo lililojenga uga ule wa vikapu. Jina lake ni Masai Ujiri. Kwa sikio la Mkenya jina hilo la kwanza halihitaji kufafanuliwa.

Ujiri alizaliwa tarehe 7 Julai 1970 huko Bournemouth, Uingereza, wazazi wake walipokuwa masomoni. Baba yake ni Mnijeria aliyefanya kazi ya usimamizi wa hospitali na kufundisha wauguzi. Mama yake ni Mkenya, daktari, mzaliwa wa Machakos. Mtoto alipofika umri wa miaka miwili familia ikahamia Nijeria, naye akakulia Zaria, mji wa kaskazini. Kwa hiyo tusimnyang'anye Mnijeria haki yake. Lakini ujombani kwake ni Ukambani, na mjomba hatupwi.

Kama watoto wengi wa Afrika, alianza na kandanda. Alipofika umri wa miaka 13 akavutwa na vikapu. Ukumbuke kwamba wakati huo Mnijeria mwenzake, Hakeem Olajuwon, alikuwa akitikisa Marekani, na kila kijana mrefu wa Nijeria aliota kumfuata. Ujiri alifika Marekani, akasoma kwanza Seattle, kisha akaingia chuo cha miaka miwili cha Bismarck huko North Dakota, mahali ambapo baridi yake si ya kusimuliwa kwa mtu wa Kisumu. Akahamia chuo kingine katika jimbo la Montana, lakini hakukaa. Akaenda Ulaya kucheza kwa malipo.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, hasa wewe mwanafunzi unayelala na mpira kitandani. Neno "mchezaji wa kulipwa" hutufanya tufikirie magari na majumba. Ujiri alicheza Ulaya kwa miaka kadhaa, Uingereza na Ubelgiji zikiwa miongoni mwa nchi alizopitia, na hakuwa nyota popote. Alikuwa mmoja wa mamia ya wachezaji wanaohama kutoka timu moja ndogo hadi nyingine. Ligi kuu ya Marekani, NBA, haikumwita hata siku moja. Mwaka 2002 akaacha kucheza, akiwa na umri wa miaka 32.

Jiulize, ungefanya nini? Wengi wetu tunawajua wachezaji wa zamani wa mitaani kwetu: alivuma, goti likamshinda, na leo anasimulia mabao ya kale kwenye kinyozi. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Mchezo haumpi mtu kiinua mgongo, na shule aliiacha ili aufuate.

Ujiri alirudi kufundisha vijana Nijeria. Kisha akajipeleka kwa timu ya Orlando Magic kuwa msaka vipaji bila mshahara. Alijilipia safari zake mwenyewe, na alipofika kwenye mashindano alilala katika chumba cha yeyote aliyekuwa tayari kumpa nafasi. Wapo watakaouita ujinga. Lakini alikuwa na kitu ambacho wakubwa wa Marekani hawakuwa nacho: miaka ile ya Ulaya isiyokuwa na sifa ilimfundisha ligi ndogo ndogo na wachezaji ambao wenye ofisi zao hawakuwa wamewasikia. Mwaka 2003 timu ya Denver Nuggets ikamwajiri kwa mshahara awasakie vipaji vya nje ya Marekani.

Mwaka huo huo wa 2003, kabla hajawa mtu wa kutajwa popote, alianzisha Giants of Africa, kambi za kuwafunza vijana wa bara hili vikapu na maisha. Zilianzia Nijeria, zikaenea nchi nyingine, Kenya ikiwamo. Wazazi wengi wangemshauri asubiri kwanza atajirike.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 2007 alihamia Toronto Raptors ya Kanada, na mwaka 2010 akarudi Denver kuongoza shughuli zote za timu. Hakuna Mwafrika aliyewahi kukikalia kiti cha namna hiyo katika ligi kubwa za Amerika Kaskazini. Msimu wa 2012-13 Denver ilishinda mechi 57, naye akatajwa kiongozi bora wa mwaka katika NBA. Toronto ikamwita tena mwaka 2013, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 15 kwa miaka mitano.

Sasa turudi kwenye ile Julai ya Kogelo, kwa maana hapo pana kisa. Toronto ilikuwa timu nzuri iliyoshindwa kila mwaka ilipofika pahali pagumu. Mwezi Mei 2018 Ujiri alimfuta kazi kocha Dwane Casey, na mwezi uliofuata Casey akatunukiwa tuzo ya kocha bora wa ligi! Watu walicheka. Kisha, tarehe 18 Julai, siku mbili tu baada ya sherehe za Kogelo, ikatangazwa kwamba Ujiri amembadilisha DeMar DeRozan kwa Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs. DeRozan alikuwa ameichezea Toronto misimu tisa, aliipenda na kupendwa. Leonard alikuwa amecheza mechi tisa tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha, na mkataba wake ulikuwa karibu kumalizika.

Mashabiki walikasirika, na DeRozan mwenyewe alihisi amesalitiwa. Nami naona walikuwa na haki ya kukasirika. Uaminifu si kitu cha kuchezea, na ushindi uliofuata hauufuti uchungu wa mtu aliyeambiwa aondoke mahali alipopaita nyumbani. Lakini kazi ya Ujiri ilikuwa kuchagua, akachagua.

Tarehe 12 Mei 2019, mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, matokeo yakiwa sare, Leonard alirusha mpira wa mwisho kutoka pembeni. Mpira uligonga chuma cha ringi mara moja, ya pili, ya tatu, ya nne, na king'ora kilikuwa kimekwisha kulia, kisha ukaingia. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Juni, Toronto iliifunga Golden State Warriors 114-110 mjini Oakland na kutwaa ubingwa. Haikuwa imewahi kutokea timu ya nje ya Marekani kuuchukua. Uwanjani walikuwamo Pascal Siakam wa Kameruni na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville.

Usiku huo huo bingwa wetu alipata kipimo kingine. Alipokuwa akishuka kwenda kujiunga na wachezaji wake, huku akitoa kitambulisho chake, askari wa ulinzi alimsukuma kifuani, akamsukuma tena. Mwaka 2020 askari huyo akamshtaki, akidai kwamba yeye ndiye aliyeshambuliwa. Mwezi Agosti mwaka huo picha za kamera iliyokuwa kwenye sare ya askari zikatolewa, na ulimwengu ukaona nani alianza. Mashtaka yaliondolewa Februari 2021. Mtu aliyekuwa ndiye mkubwa wa timu bingwa alihitaji ushahidi wa picha ili aaminiwe.

Ujiri aliondoka Toronto mwezi Juni 2025. Giants of Africa haikuondoka naye. Mwaka 2021 ilikuwa imetangaza lengo la kujenga viwanja 100 barani Afrika, na mwaka 2023 iliadhimisha miaka 20 jijini Kigali kwa tamasha lililokusanya vijana wa nchi nyingi.

Upande wetu wa ziwa, kandanda bado ndiyo mfalme, na ukitaja Gor Mahia mjini Kisumu huhitaji kueleza zaidi. Lakini usidhani vikapu ni vya wageni. Shule ya Maseno na Agoro Sare ya Oyugis ni majina ya kuogopwa katika michezo ya sekondari. Timu ya taifa ya wanaume, iliyoshiriki kombe la Afrika lilipochezwa Nairobi mwaka 1993, ilikaa miaka 28 kabla ya kurudi huko, Kigali, mwaka 2021.

Na kuna kisa kimoja kidogo cha Alego kilichotangulia haya yote. Mwaka 1971 mwanamume wa Kogelo aliyesomea Maseno alisafiri hadi Honolulu kumwona mwanawe wa miaka kumi, ambaye hakuwa akimjua vizuri. Alikaa naye mwezi mmoja hivi, na hawakuonana tena. Zawadi moja aliyomwachia mtoto ilikuwa mpira wa vikapu. Mtoto huyo ndiye aliyerusha mpira Kogelo siku ile ya Julai, na Ujiri akitazama.